Nyumba za Mawe Zataka Watu Wanaozijua

Tarehe 25 Desemba, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka mafundi wakiwa kazini, na watu wawili wakapoteza maisha. Msiba ule ulitukumbusha kwamba kuhifadhi Mji Mkongwe wa Unguja si anasa ya kuwafurahisha wageni, bali ni jambo la uhai wa wananchi.

Mamlaka ya kuusimamia mji huo iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Sheria, basi, tunazo. Lakini sheria haiwezi kusimama mbele ya kila ukuta. Kazi hiyo yataka wananchi wenye kuelewa, na ndiyo maana jumuiya iliyojitwika jukumu la kuutetea urithi wa Mji Mkongwe inastahili kuungwa mkono.

Lipo la kufundishwa. Nyumba hizi zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa na udongo. Ukuta wa namna hii hunyonya unyevu, kisha huutoa kupitia lipu ya chokaa. Ukipakwa saruji, unyevu hufungika ndani. Chumvi huyala mawe, na ncha za boriti zilizopachikwa ukutani huoza. Kwa nje ukuta huonekana mpya, kumbe ndani unakufa. Hata wembamba wa vyumba una sababu yake: umetokana na urefu wa boriti za mikoko, kiasi cha mita 3 hivi. Anayebomoa ukuta wa kati ili apate ukumbi mpana huondoa kile kilichobeba dari.

Mwenye nyumba asilaumiwe peke yake. Saruji huipata dukani wakati wowote. Chokaa iliyolowekwa vyema, na fundi anayeijua, ni vya kutafutwa.

Kwa hiyo tunawashauri wakubwa wa Serikali wasiione jumuiya kuwa ni mlalamikaji, bali mshirika. Kila apewaye kibali cha matengenezo apewe pia maelezo ya ujenzi wa chokaa. Vijana wapelekwe kujifunza kwa waashi wazee wangali hai. Wanafunzi nao waonyeshwe jinsi nyumba zao zinavyosimama.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Sisi wa Mji Mkongwe hatuna budi kujua pia ufa huo unazibwa kwa nini.