Mtoto anashika wapi? Siku za kwanza za mimba



Mara nyingi kuna mama anayekuja dispanseri na neno hili: «Munganga, mimba yangu haikushika.» Mimi si munganga, ni msaidizi tu, lakini katika kambi mtu akivaa nguo nyeupe basi ni munganga. Neno lile «kushika» ni neno la kweli. Mtoto anashika kweli kweli, na leo tutafasiria namna anavyoshika, na kwa nini mara nyingine anashika mahali pabaya.

Wengi wanafikiri kwamba yai la mama na mbegu ya baba vinakutana ndani ya kizazi. Hapana. Vinakutana katika mrija mwembamba, ule unaotoka kizazini kuelekea pale mayai yanapotoka. Mirija ni miwili, mmoja kuume, mmoja kushoto. Yai lililopata mbegu linajigawa: chembe mbili, nne, nane, huku linasukumwa pole pole. Safari mpaka kizazini inachukua siku tatu ao nne. Siku ya tano limekuwa kipira kidogo chenye maji ndani. Ukipanga vipira vitano kwa mstari mmoja, havipiti milimetri moja.

Kipira kile kina ganda. Kama ganda halijapasuka, hakiwezi kushika kitu. Karibu na siku ya sita ao ya saba kinatoka ndani ya ganda na kugusa ukuta wa kizazi, mara nyingi upande wa juu. Ukuta nao umekwisha kujitayarisha. Baada ya damu ya mwezi kupita umejengwa upya, ni laini, umejaa damu na chakula. Lakini haupokei siku zote. Kwa mama mwenye mwezi wa siku 28, unapokea karibu na siku ya 20 mpaka ya 24, tukihesabu toka siku ya kwanza ya damu. Kipira kikichelewa kinakuta mlango umefungwa.

Kiisha kinaanza kuchimba. Ninyi mnaotumika chini ya udongo mtanielewa vizuri. Chembe za nje zinapita kati ya chembe za mama, zinafungua njia, mpaka kipira chote kinaingia ndani ya ukuta na ukuta unakifunika. Kazi ile inamalizika karibu na siku ya 12. Mishipa midogo ya damu ya mama inafunguliwa, na chakula kinaanza kupita. Lakini damu ya mama na damu ya mtoto hazichanganyiki, hata mpaka siku ya kuzaa kuna ukuta mwembamba kati yake. Chembe zile zile zinatuma homoni katika damu ya mama, kusudi damu ya mwezi isije. Ni homoni hiyo tunayoitafuta katika mkojo wakati wa kupima mimba.

Si nyama wote wanafanya hivyo. Nguruwe hachimbi: kitoto chake kinajinyoosha kama uzi, kinaweza kukaribia metre moja kwa siku chache, na kinalala tu juu ya ukuta. Ng'ombe na mbuzi wanashika kwa vifungo. Aliyepasua mbuzi mwenye mimba ameviona, vile vinundu vingi vyekundu. Na popo mkubwa wa matunda anashangaza kupita wote: dume na jike wanakutana, lakini kipira kinangoja miezi ndani ya kizazi mbele ya kushika. Mtaalamu Mutere aliandika habari hiyo mwaka 1965, juu ya popo wa Kampala.

Sasa turudi nyumbani kwetu. Katika mimba 100 zinazojulikana, 10 mpaka 15 hivi zinapotea, wingi wao katika miezi mitatu ya kwanza. Mara nyingi sababu ni kwamba urithi ndani ya chembe za mtoto ulikuwa na kosa tangu yai na mbegu vilipokutana. Si kwa sababu mama alibeba ndoo ya maji, wala si jirani aliyemtazama vibaya. Bwana anayemfukuza bibi yake kwa neno hilo anamwonea bure.

Lakini kuna jambo moja la kuogopa. Kama mrija una kovu, kipira kinakwama njiani, kinachimba pale pale. Mrija hauna ukuta mnene kama kizazi. Mtoto akikua unapasuka, mara nyingi katika juma la sita mpaka la nane, na damu inamwagika tumboni bila kuonekana nje. Nilimwona mama mmoja hivyo. Alikosa mwezi, akaumwa upande mmoja, akatoka damu kidogo nyeusi, kiisha bega likauma na akaanguka chooni. Nyumbani walisema amelishwa sumu, wakangoja bwana arudi kutoka kazi ya usiku. Alipofika kwetu midomo ilikuwa myeupe. Alipasuliwa, alipona, mrija mmoja ukatolewa. Masaa mawili zaidi, sijui tungesema nini leo.

Kovu lile linatoka wapi? Mara nyingi ni kisonono na magonjwa mengine ya zinaa yasiyotunzwa. Hapa nasema na wanaume. Unapata ugonjwa, unakunywa dawa ya sokoni siku mbili, unanyamaza. Bibi yako anaupata, mara nyingi bila kusikia maumivu yoyote, na mirija yake inaharibika. Njooni wawili, mtunzwe wawili, mmalize dawa yote. Siri yenu haitatoka dispanseri.

Mama aliyekosa mwezi, akiumwa tumbo upande mmoja ao akisikia kizunguzungu, asingoje mtu. Aende hospitali hata usiku, afuatwe na ndugu wawili wazima, sababu labda itatakiwa damu. Akifika aseme mbele ya yote siku ya kwanza ya damu yake ya mwisho, na upande unaouma.