Adui wa Paa ni Maji Yaliyolala

Liko swali ambalo huulizwa barazani kila masika yakikaribia, na majibu yake hayaishi kubishaniwa: je, paa likisafishwa huishi zaidi? Wako wasemao kwamba mvua ndiyo mwoshaji, na mwanadamu hana haja ya kupanda juu kumsaidia. Wako wengine waaminio kwamba bati lisilowaka jua likipiga ni bati la mvivu, nao hulisugua kwa mchanga na brashi ya waya mpaka ling'are. Makundi haya mawili yana nusu ya ukweli kila moja, na nusu iliyobaki ndiyo ivujishayo nyumba.

Ili tulione jambo hili vizuri, tuondoke kidogo ufukweni twende Kegonga. Mji huu ni makao ya Kuria Mashariki katika Kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Tanzania, na kutoka Mombasa ni mwendo wa zaidi ya kilomita 800 kwa barabara. Ni nchi ya miinuko, ya mahindi na ya tumbaku, na Wakuria wa huko wana jamaa zao upande wa pili wa mpaka katika wilaya ya Tarime. Zamani nyumba ya Mkuria ilikuwa msonge ulioezekwa kwa nyasi. Mashamba yalipopanuka, nyasi ndefu za kuezekea ziliadimika, na bati likachukua nafasi yake kama lilivyochukua nafasi ya makuti katika sehemu nyingi za mwambao wetu.

Kwa mkulima wa Kegonga, mabati ya nyumba moja ni mavuno ya misimu kadhaa. Huyanunua kidogo kidogo, akayaweka ukutani, akangoja mpaka yatimie. Bati likitoboka kabla ya wakati wake, kilichotoboka ni ada ya mtoto ya shule na ng'ombe aliyeuzwa. Kwa hiyo swali letu si la urembo. Ni swali la mali.

NGUO YA BATI

Bati la migongo si kitu cha jana. Henry Robinson Palmer alipata hataza yake mjini London mwaka 1829, na mwaka 1837 Stanislas Sorel wa Ufaransa akapata hataza ya kulichovya chuma katika zinki. Tangu hapo mpaka leo bati la kawaida ni chuma chembamba kilichovikwa nguo ya zinki pande zote mbili. Nguo hiyo ndiyo uhai wake. Zinki ikiisha, chuma hubaki uchi, na kutu haibishi hodi.

Sasa angalia jinsi zinki inavyojilinda. Bati jipya likilowa kisha likakauka kwa hewa, likalowa tena na kukauka tena, zinki hujifanyia ngozi nyembamba ya rangi ya kijivu. Ngozi hiyo ndiyo ngao. Ndiyo sababu bati lililopoteza mng'ao wake halijazeeka. Limevaa vazi la kazi. Lakini bati likikaa na unyevu bila ya kupata hewa, ngozi ile haiwezi kujijenga. Hutoka unga mweupe kama chokaa, na huo ni zinki inayoliwa. Mara nyingi unga huo huonekana hata kwenye mabati ambayo hayajaezekwa, kwa kuwa yalirundikwa yakiwa na maji katikati.

Kiasi cha kuliwa kwa zinki kimepimwa. Kwa mujibu wa kanuni ya kimataifa ya ISO 9223, katika mashamba yaliyo mbali na bahari na viwanda zinki hupungua kwa chini ya mikroni 0.7 kwa mwaka, na penye unyevu mwingi zaidi huweza kufikia kama mikroni 2. Mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Ufukweni, panapovuma chumvi nyingi, upungufu huo hufika kati ya mikroni 4.2 na 8.4 kwa mwaka.

Tufanye hesabu. Bati lenye gramu 275 za zinki kwa kila mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa, lina nguo ya mikroni zipatazo 20 kwa kila upande. Katika miinuko kama ya Kegonga nguo hiyo yaweza kudumu miaka kumi, ishirini, hata thelathini kabla chuma hakijaonekana. Bati lilo hilo likiezekwa mbele ya bahari, nguo yake huweza kwisha katika miaka isiyozidi mitano. Na mabati mengi ya bei nafuu hayana hata nusu ya zinki hiyo. Mnunuzi asitazame geji peke yake, ambayo namba yake ikipanda bati huwa jembamba zaidi; aulize pia uzito wa zinki.

MVUA HUOSHA WAPI?

Wasemao mvua inatosha wana haki kwa sehemu kubwa ya paa. Kipaa kilicho wazi na chenye mteremko mzuri huoshwa na kila mvua, na jua hukikausha upesi. Hapo mtu hana kazi kubwa. Lakini ziko sehemu ambazo mvua hazioshi, bali huzipelekea uchafu.

Ya kwanza ni bonde ambapo vipaa viwili hukutana. Ya pili ni mlizamu wa kuteremshia maji. Ya tatu ni pale bati moja linapolala juu ya jingine, na kando ya misumari. Ya nne ni chini ya mti. Kule bara mikaratusi hupandwa karibu na nyumba. Huku kwetu ni miembe, mikwaju na miarobaini. Majani huanguka, vumbi huyashikilia, kinyesi cha ndege huongezeka, na baada ya muda juu ya bati pana udongo wenye rutuba. Udongo huo hunyonya maji ya usiku na kuyaweka mpaka adhuhuri. Wakati sehemu nyingine ya paa imekwisha kukauka, hapo bati lingali limelala katika nguo iliyolowa. Kutu huanzia hapo.

Katika nchi ya tumbaku kuna jambo la ziada. Mabanda ya kukaushia majani huchoma kuni siku nyingi mfululizo, na masizi na majivu huruka. Majivu makavu hayana neno. Yakilowa huwa makali mfano wa magadi, na zinki haipatani na ukali huo. Kwa sababu hiyo hiyo saruji na chokaa mbichi iliyomwagikia bati yapasa kuondolewa siku ile ile.

Kwa wakazi wa mwambao, sehemu inayosahauliwa kuliko zote ni upenu, hasa upande wake wa chini, na bati la ukumbi lililofunikwa na paa la juu. Upepo wa kusi huleta chumvi ikaganda hapo, na mvua haifiki kuiondoa. Mtu hushangaa kuona bati la juu lingali zima ilhali la upenuni limekuwa kama chujio. Hakuna la kushangaza. Lile huoshwa na Mola kila mvua inaponyesha, na hili lilingoja ndoo ya maji baridi ambayo haikuja.

Jibu basi ni hili: kusafisha kunasaidia, na kunasaidia sana, pale tu kunapoondoa kitu kinachoshika maji au chumvi. Kung'arisha hakusaidii kitu. Brashi ya waya, mchanga na steliwuli huondoa ile ngozi ya kijivu pamoja na zinki yenyewe. Mtu huyo anaharakisha siku ambayo alitaka kuichelewesha. Chombo cha kazi ni ufagio laini, maji safi, na kwa bati la rangi sabuni hafifu ambayo husuuzwa isibaki. Dawa za kung'arishia nguo ziachwe dobini.

SI KILA PAA NI BATI

Makuti na nyasi yana sheria nyingine. Paa la namna hiyo halioshwi. Uhai wake ni mteremko mkali, unaofanya maji yateleze kabla hayajapenya, na hewa inayolikausha. Kulisafisha maana yake ni kuondoa majani yaliyokwama, kukata matawi yanayolitia kivuli, kung'oa mimea iliyoota, na kuchomeka kuti jipya palipooza. Wazee waliopikia chini ya paa la nyasi walijua kwamba moshi huwafukuza wadudu. Kwa bati moshi huo si rafiki, maana masizi hushika unyevu.

Katika mji wa kale wa Lamu, uliotiwa katika urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2001, kuna mapaa ya sakafu, yaani mawe na chokaa juu ya boriti za mikoko. Paa hilo ni tambarare, na roho yake ni tundu la maji. Jani moja likiziba mlizamu, paa zima hugeuka birika, maji hunywewa na chokaa, na boriti huoza pale mwisho wake ulipoingia ukutani, mahali ambapo jicho halioni. Unguja nako nyumba nyingi za mawe zilizokuwa na mapaa ya namna hiyo zilikuja kuvikwa mabati juu, kwa sababu ya mvua na uvujaji.

Paa la asbesto ndilo la kuogopwa. Bado lipo juu ya nyumba nyingi za zamani. Kenya iliipiga marufuku asbesto mwaka 2006, kwani nyuzi zake zikivutwa pumuzini huleta maradhi ya mapafu, pamoja na saratani. Paa hilo lisisuguliwe, lisikwanguliwe, wala lisipigwe maji ya kasi. Likichakaa, kazi ni ya waliopewa ruhusa ya kuliondoa.

MAJI YA TOHARA

Iko faida nyingine ya paa safi ambayo haihusu kutu. Kila milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba huleta lita moja ya maji. Nyumba ya mita nane kwa sita ina paa la mita 48 za mraba. Mvua ya milimita kumi tu humwaga hapo lita 480, yaani madebe 24 ya lita ishirini. Kegonga maji hayo hupunguza safari ya mama na binti kwenda mtoni. Kwetu hujaza birika la nyumba na la msikiti, na watu wakatawadha kwayo. Haielekei mtu achunge utohara wa viungo vyake kwa maji yaliyopita juu ya kinyesi cha kunguru. Paa lifagiwe kabla ya msimu, na maji ya mvua ya kwanza yaachwe yaende zake.

Wakati wa kazi hii ni mara mbili kwa mwaka. Kwa watu wa pwani ni mwisho wa kaskazi kabla ya masika, na tena kabla ya vuli. Kwa watu wa Kegonga ni Februari na Agosti. Anayeishi mbele ya bahari aongeze kuosha upenu kila baada ya miezi michache. Akiwa juu, atazame misumari. Iliyolegea ipigwe au ibadilishwe, maana tundu la msumari ndilo mlango wa kwanza wa maji.

Na apande kwa akili. Ngazi ifungwe na ishikwe na mtu. Bati lisikanyagwe likiwa limelowa, na mguu uwekwe kwenye mstari wa misumari, ambako chini yake pana mbao. Asiye na uwezo wa kupanda amwite fundi. Ujira wa siku moja ni mdogo mbele ya bati jipya, na hauna kipimo mbele ya mguu uliovunjika.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami naongeza ubeti:

Paa halitaki sifa, lataka mkono wako,
Jani huzaa maafa, likilala juu yako,
Maji yakipata ufa, yatashuka chumba chako,
Bati halisemi nafa, fagia paa la kwako.