Magadi ya Maharage, Magadi ya Shamba

Mpishi akitia magadi kidogo kwenye sufuria ya maharage makavu, ganda hulainika upesi. Sababu ni kwamba ganda la harage hushikamanishwa na kalsiamu. Magadi yana sodiamu, na sodiamu huing'oa kalsiamu na kukaa mahali pake, basi ganda likalegea. Jambo hilo hilo linatokea katika mashamba ya tambarare chini ya Moshi. Udongo wa mfinyanzi nao hushikwa na kalsiamu. Maji yenye magadi yakipita hapo miaka nenda rudi, sodiamu inatwaa nafasi na udongo unavunjika: ukiloa ni uji, ukikauka ni zege. Mbegu haipenyi na maji hayashuki.

Marangu au Kibosho huwezi kusikia kilio hiki. Huko mlimani Kilimanjaro mvua ni nyingi na mteremko unauosha udongo kila msimu. Huku Kahe na Arusha Chini mvua ni haba, jua ni kali, na maji ya umwagiliaji yamepita kwanza kwenye miamba ya volkano. Mto Kikuletwa unajulikana kwa maji ya namna hiyo. Piga hesabu: lita moja ikibeba nusu gramu tu ya chumvi, meta za ujazo 10,000 zilizomwagwa kwenye hekta moja zinaleta tani tano. Maji hupaa na jua, tani tano zinabaki.

Ndiyo maana swali ninaloulizwa mara nyingi, kwamba ni mmea gani unaokula chumvi, nalijibu kwa uangalifu. Mimea inayobeba chumvi nyingi mwilini ipo, lakini hata ukivuna tani kumi za majani makavu yenye chumvi sehemu moja kwa kumi, umeondoa tani moja. Shamba litakushinda. Kazi kubwa ya mmea iko chini, kwenye mizizi.

Mizizi hupumua. Hewa inayotoka humo, kaboni dioksaidi, ikichanganyika na maji ya udongoni huwa tindikali hafifu. Udongo wenye chokaa ndani yake hufaidika hapo hapo: tindikali inaiyeyusha chokaa, kalsiamu inatoka na kurudi kwenye kiti chake, na sodiamu inabaki ndani ya maji, haina pa kushika. Mizizi ikifa inaacha vijia vya kushushia maji hayo. Wapakistani wamelitumia jambo hili kwa miongo kadhaa kwa nyasi wanazoziita kallar, zinazovumilia magadi na hata maji yaliyotuama. Nyasi hizo asili yake ni pamoja na Afrika. Kwetu pia ukoka, nyasi za Rhodes na mti wa sesbania vinavumilia kwa kiasi, na mswaki unastahimili zaidi ya hivyo.

Mti wa mathenge siupendekezi hata kidogo. Ni kweli unaota palipochacha chumvi, lakini watu wa Kahe, wanaouita mrashia, wanajua jinsi unavyoteka malisho na miiba yake inavyoumiza mifugo.

Kabla ya kupanda chochote, pima. Chukua kibonge kikavu cha udongo, ukubwa wa harage, kitumbukize taratibu kwenye glasi ya maji ya mvua, usikoroge. Rudi baada ya saa kadhaa. Kikizungukwa na ukungu mweupe kama maziwa, hayo ni magadi. Maji yakibaki maangavu ilhali shamba lina utando mweupe juu, huenda ni chumvi ya kawaida, na hiyo husafishwa kwa maji mengi tu. Tone la siki likitoa povu juu ya udongo, chokaa ipo. Lisipotoa, mizizi peke yake haitoshi, itabidi kuongeza jasi, na jasi inachimbwa Makanya, wilayani Same, mkoani humu humu.

Hata hivyo sodiamu iliyong'oka lazima ipate pa kutokea, na hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliokamilika 1987 kwa msaada wa Japani, ulijengwa ukiwa na mifereji ya aina mbili: ya kuingiza maji na ya kuyatoa. Wa kuingiza kila mtu anaulinda usiku na mchana. Wa kutoa ukiota matete, maji ya chini yanapanda, na magadi yanapanda nayo.

Wakati huo wa kusubiri ardhi ipone, ambao ni miaka, nyasi zenyewe ni mali. Ng'ombe wa mlimani wanafugwa bandani, na akina mama wanashuka hadi tambarare kutafuta majani. Robo ekari ya ukoka au Rhodes inaweza kupanda mlima kwa gari, mzigo kwa mzigo, na samadi ikashuka kwa gari lile lile. Ila chimba kwanza mfereji wa kutolea maji, uwe na kina zaidi ya jaruba, na uufikishe mpaka mkondo mkuu kabla ya masika. Nyasi zipande mvua zikianza.