Binti Akitaka Kusomea Haki ya Jinai

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, mazungumzo ya sebuleni hurudi kwenye masomo yale yale: udaktari, ualimu, uhasibu, biashara. Binti akisema kwamba yeye ataka kusomea haki ya jinai, aghalabu kimya huingia. Mama huwaza bunduki na magwanda. Baba huwaza wezi na korokoroni. Nyanya huuliza ni nani atakayemposa msichana ashindaye na wahalifu. Hofu hizo zatokana na mapenzi, wala si za kubezwa. Lakini zimejengwa juu ya picha isiyokamilika, na picha hiyo yatugharimu.

Yatugharimu kwa kuwa sheria ya jinai haingoji tuizoee ndipo ibishe hodi. Kijana akikamatwa usiku, iwe ni Kisauni, Likoni, Malindi au Lamu, nyumba nzima hukesha pasi na kujua ni nani wa kuulizwa na ni lipi la kuulizwa. Anayejitokeza wa mwanzo mara nyingi ni dalali anayezunguka kituoni, mwenye maneno matamu na mkono uliofunuliwa. Mkufu wa mama huuzwa kabla ya jua kuchomoza, kulipia jambo ambalo huenda halikuwa na malipo.

Wengi wetu tuna mazoea na mahakama ya kadhi, na kwa hivyo hudhani kwamba mahakama twaijua. Kifungu cha 170 cha Katiba ya mwaka 2010 kimeiwekea mahakama hiyo mipaka: hadhi ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi, baina ya Waislamu waliokubali kufika mbele yake. Wizi, kujeruhi, dawa za kulevya na unajisi wa watoto hupelekwa kwa hakimu au Mahakama Kuu. Huko ndiko jamii yetu inakohitaji wajuzi wake.

Kinachosomwa

Masomo ya haki ya jinai hufuata safari nzima ya kosa: kwa nini mtu hukosea, hukamatwa vipi, ushahidi hukusanywa na kutunzwa vipi, kesi huendeshwa vipi, na baada ya hukumu mtu hurekebishwa vipi. Ndani yake mna sheria, saikolojia, elimu ya jamii, upelelezi na usimamizi wa magereza.

Mwanafunzi hujifunza, kwa mfano, Kifungu cha 49 cha Katiba: aliyekamatwa aambiwe sababu mara moja kwa lugha anayoifahamu, ana haki ya kunyamaza na ya kuwasiliana na wakili, na afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya mahakama inayofuata ikiwa muda huo waishia nje ya saa za kazi. Hujifunza kwamba fedha za dhamana ya mahakama si malipo bali ni amana: hutolewa risiti, na hurejeshwa kesi imalizikapo ikiwa mshtakiwa alitimiza masharti. Nyumba yenye mtu mmoja ajuaye haya haimwogopi dalali.

Hujifunza pia sheria ya watoto. Hadi juzi, mtoto wa miaka 8 aliweza kushtakiwa nchini Kenya. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeupandisha umri huo hadi miaka 12, na mtoto aliye kati ya miaka 12 na 14 huchukuliwa kuwa hana uwezo wa kutenda jinai mpaka mahakama iridhike vinginevyo.

Na hujifunza ushahidi. Aliyedhulumiwa kijinsia apelekwe hospitali upesi, asioge kwanza, na nguo alizovaa zitiwe katika mfuko wa karatasi, wala si wa plastiki, kwa sababu plastiki hushika unyevu na unyevu huharibu dalili. Ni kesi ngapi zimekufa kwa sababu mama, kwa uchungu na kwa kutaka kumsitiri mwanawe, alimwosha na kuzifua nguo zake? Huruma ilikuwapo, elimu ndiyo iliyokosekana.

Kwa nini mwanamke

Kanuni ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, katika kifungu cha 27, yasema kwamba mwanamke akihitaji kupekuliwa, apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa kuchunga heshima. Basi sitara tunayoitaka kwa mabinti zetu haiwezi kutimia bila ya wanawake kuwamo kazini. Msichana aliyeumizwa atamweleza nani aliyoyapata, ikiwa kila meza aifikiayo imekaliwa na mwanamume? Na mama asiyejua lugha ila Kiswahili atafarijika akihojiwa na mtu aijuaye lugha yake kwa undani.

Kazi zenyewe ni nyingi kuliko polisi. Yuko afisa wa probesheni, ambaye kabla ya hukumu hufika nyumbani, akazungumza na wazazi na majirani, kisha akamwandikia hakimu ripoti. Kwa ripoti hiyo kijana aweza kuwekwa chini ya uangalizi kwa muda wa miezi 6 hadi miaka 3 badala ya kufungwa, au kupewa utumishi wa jamii kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1998, ikiwa kifungo kinachostahiki hakizidi miaka 3. Kuna maafisa wa watoto, washauri nasaha katika magereza kama Shimo la Tewa, wahudumu wa mashirika ya msaada wa kisheria, na wachunguzi wa ulaghai katika mabenki na bandari.

Na anayetaka kufika mbali, njia ipo. Bi Abida Ali-Aroni, mwanamke Mwislamu na mwanasheria, aliongoza Tume ya Marekebisho ya Katiba baada ya Profesa Yash Pal Ghai, kisha akawa jaji.

Ya kupimwa kabla ya kujiandikisha

Kwanza, haki ya jinai si shahada ya uanasheria. Anayetaka kusimama mahakamani kama wakili lazima asome sheria, kisha aingie Kenya School of Law. Mabinti wengi huligundua hili wakiwa mwaka wa pili.

Pili, alama. Shahada huhitaji wastani wa C+ katika kidato cha nne, na diploma C-. Miongoni mwa vyuo vikuu vifundishavyo elimu ya jinai ni Egerton na Dedan Kimathi. Chuo chochote kiwacho, hakikisheni kwamba kimeidhinishwa na serikali, kwani karo ikilipwa kwa chuo kisichotambuliwa, cheti chake hakifungui mlango.

Tatu, karo. Familia zinazojiepusha na mikopo ya riba ziulize mapema kuhusu basari za kaunti na za mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, na zizungumze na wasimamizi wa zaka katika mitaa yao.

Nne, ajira. Nafasi za serikali ni chache na wanaozigombania ni wengi. Kuna uhamisho wa mbali na zamu za usiku. Mambo haya na yajadiliwe kwa uwazi baina ya binti na wazazi, na baina yake na mchumba akiwapo, kabla ya kulipa karo na si baadaye.

Tano, na ndiyo kubwa, ni tabia. Kazi hii huweka uhuru wa watu mikononi mwa mtu, na rushwa hubisha hodi kila siku. Asiyeweza kusema hapana mbele ya noti, wala kusema kweli dhidi ya jamaa yake, afadhali atafute elimu nyingine. Lakini binti aliyelelewa kuihifadhi amana, akasoma akahitimu, ni hazina kwa mtaa mzima.

Basi binti akisema kwamba ataka kusomea haki ya jinai, msikilizeni. Muulizeni ni kwa nini. Huenda ameyaona machozi ya jirani, na ataka awepo mtu wa kumwambia hatua inayofuata.