Sura ya Wapunjao Vipimo

Msimu wa pamba unapofika Bunda, wakulima hubeba pamba yao mpaka kwenye ghala la chama. Mizani imening'inizwa. Karani anasoma, anaandika, na mkulima anapewa karatasi. Musoma nako, kwenye mwalo wa Mwigobero, dagaa hupimwa kwa ndoo na sangara kwa kilo. Butiama, siku ya mnada, akina mama huuza mtama na muhogo mkavu kwa debe au kwa kisado. Mahali pote hapo utaona watu wawili. Mmoja ameshika kipimo. Wa pili anamtazama.

Katika Kurani iko sura inayosema juu ya watu hao wawili. Ni sura ya 83. Ina aya 36, na jina lake ni Al-Mutaffifin. Imo katika juzuu ya mwisho, ile ambayo watoto wa Kiislamu huanza nayo chuoni. Kwa hiyo Waislamu wengi wanaweza kuisoma kwa Kiarabu bila kutazama kitabu. Maana yake ni jambo jingine, na hiyo ndiyo tunayoitafuta hapa. Wewe usiye Mwislamu, soma pia. Mizani haiulizi dini ya mtu.

Tuanze na jina. Al-Mutaffifin ni watu wanaopunja katika vipimo. Kupunja ni kumpa mtu pungufu ya haki yake. Asili ya neno hilo la Kiarabu ni kitu kidogo, kitu hafifu. Basi mtu huyu si jambazi anayevunja duka usiku. Yeye anachukua kidogo tu: robo kilo hapa, nusu kibaba pale. Anachukua kidogo ili usigundue. Na ukigundua, utaona haya kugombana kwa ajili ya kitu kidogo hivyo.

Sura hii ilikuja lini? Mtume Muhammad (S.A.W.) alizaliwa Makka, mji wa wafanyabiashara. Misafara yao ya ngamia ilikwenda Sham na Yemen. Mwaka 622 alihamia Madina, ambao wakati ule uliitwa Yathrib. Huko watu walilima mitende na nafaka, na sokoni walipimiana kila siku. Ibn Abbas, binamu wa Mtume, amesimulia kwamba Mtume alipofika aliwakuta watu wa Madina ni wabaya sana katika kupima. Sura hii ikateremshwa, nao wakaanza kupima vizuri. Wafasiri hutaja pia mtu mmoja wa Madina, Abu Juhaina, aliyekuwa na vipimo viwili. Kikubwa alikitumia kununua, na kidogo kuuza. Wako wanavyuoni wanaosema kwamba sura hii ilishuka Makka, kabla ya kuhama. Lakini habari ya Madina ndiyo inayosimuliwa sana.

Wakati ule hapakuwa na kilo. Nafaka ilipimwa kwa chombo. Kipimo kimoja kiliitwa saa, nacho kilikuwa sawa na mudi nne. (Hii si saa ya ukutani.) Wazee wetu wa pwani walikuwa na pishi, na pishi moja ni vibaba vinne. Mpaka leo Waislamu hutoa pishi moja ya chakula kwa kila mtu wa nyumbani mfungo wa Ramadhani unapomalizika. Ni kama kilo mbili na nusu.

Kipimo cha chombo ni rahisi kuchezewa. Debe likigongwa kitako, linapungua ndani. Kisado kikijazwa upesi bila kutikiswa, kinabaki na nafasi. Mnunuzi naye hujaza mpaka juu, halafu anaongeza kilima, na gunia hulishonea kofia. Hiyo tunaiita lumbesa. Kila mtu wa kijijini anayajua haya.

Sasa sikiliza sura inavyoanza. Inawaonya vikali wapunjao, halafu inaeleza ni akina nani. Ni wale ambao wakipimiwa wanataka wajaziwe kamili, lakini wao wakimpimia mwingine wanapunguza. Angalia vizuri. Hao si watu wawili, bali ni mtu yule yule. Anaijua haki vizuri sana, maana anaidai yeye mwenyewe asubuhi. Jioni anaisahau.

Hapa ndipo wengi wetu tunaruka. Tunamlaumu karani wa mizani, na mara nyingine tuna haki. Lakini mkulima anayenyunyizia pamba maji ili iwe nzito, au anayetia mchanga katikati ya mzigo, anafanya nini? Na yule anayeweka mahindi mazuri juu na mabovu chini? Mimi naona naye amo ndani ya sura hii.

Baada ya hapo sura inauliza kama watu hao hawafikiri kwamba watafufuliwa kwa ajili ya siku iliyo kubwa, siku ambayo watu wote watasimama mbele ya Mola. Halafu inataja maandishi. Matendo ya waovu yameandikwa, na matendo ya wema yameandikwa pia. Kwa waovu linatajwa jina Sijjin, na kwa wema Illiyyin. Inasema pia kwamba maovu waliyoyachuma yameifunika mioyo yao kama kutu. Jembe lililoachwa nje halioti kutu siku moja.

Mwishoni inasimulia waovu walivyowacheka waumini na kukonyezana walipopita, na jinsi mambo yatakavyogeuka siku hiyo. Hapo inasema juu ya imani, si juu ya mizani. Lakini mtu asiyejua kusoma amewahi kusimama penye mizani huku wengine wakikonyezana juu ya kichwa chake. Huyo anajua maumivu yake.

Si sura hii peke yake inayosema hivyo. Kurani inamtaja pia Nabii Shuaibu, aliyewaonya watu wa Madyan juu ya vipimo. Katika Biblia, nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara waliopunguza kipimo na kuwaumiza maskini. Kitabu cha Mithali nacho kinataja mizani ya uongo.

Je, kidogo ni kidogo kweli? Tupige hesabu. Mkulima ana kilo 600 za pamba. Anapima mara 20, kilo 30 kila mara. Kila mara mizani inampunja kilo moja na nusu. Mwisho amepoteza kilo 30, yaani mzigo mzima. Kama kilo moja ni shilingi 1,000, amepoteza shilingi 30,000.

Sheria ya nchi yetu nayo inakataza. Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, ndio unaokagua mizani ya biashara na kuiwekea alama. Kabla ya kupima, tafuta alama hiyo. Tazama mizani ikiwa tupu: je, mshale umesimama kwenye sifuri? Soma namba mwenyewe, kisha iandike katika daftari lako kabla karani hajaandika katika lake. Zikitofautiana, uliza pale pale, kwa heshima, mzigo ukiwa bado unaning'inia.

Maswali ya darasa

1. Abu Juhaina alikuwa na vipimo viwili vya nini?
2. Taja njia tatu za kupunja zinazojulikana kijijini kwenu. Je, zote ni za mnunuzi?
3. Mama ameuza madebe 12 ya mtama. Kila debe mnunuzi ameongeza kilima cha nusu kilo. Ametoa kilo ngapi bure?