Ndimu na Ndimi: Asili ya Jina Moja katika Njia ya Misafara

Tabora, ambayo Burton na Speke walipoifikia mwaka 1857 waliiita Kazeh, ilikuwa njia panda ya misafara. Njia iliyotoka Bagamoyo iligawanyika hapo: moja ikaelekea Ujiji, nyingine ikapanda kaskazini kupitia Karagwe hadi Buganda. Wapagazi walichukua nguo, shanga na pembe za ndovu. Vinywani mwao walichukua Kiswahili. Kwa hiyo nchi za njia hiyo ni mahali pafaapo kulichunguza neno ndimu.

Kwa sura, neno hili ladhaniwa kwa urahisi kuwa la Kibantu, kwani lina nd na limo katika ngeli ya nyumba na ngoma. Lakini tunda lenyewe, pamoja na ukali wake, asili yake ni Asia, na jina lake latokana na līmū ya Kiajemi, ambayo kwa Kiarabu ni laymūn. Neno lilipoingizwa katika ngeli hiyo, nazali ilikutana na l, na l ikageuka d. Kanuni ni ile ile iletayo ndimi kutokana na ulimi. Baadaye d ikaganda: mti wake hauitwi mlimu, bali mdimu.

Limau, tunda la jamaa moja, halikupita njia hiyo. Umbo lake lakaribiana zaidi na limão ya Kireno, nalo likaingia katika ngeli nyingine: limau, malimau, na mti wake mlimau. Hapo l haikuguswa, kwa kuwa haikutanguliwa na nazali.

Ushahidi wapatikana pia mwisho wa njia ya kaskazini. Katika Kiganda, wingi wa olulimi ni ennimi, na ndimu ni enniimu: nazali ya silabi ifuatayo yazuia d isisikike. Katika Kinyarwanda, wingi wa ururimi ni indimi, na tunda ni indimu. Kila mahali tunda lafuata kanuni ya ulimi.

Basi mwanafunzi asihukumu asili ya neno kwa vazi lake. Lugha haipokei mgeni bila kumvika nguo za nyumbani. Naye akiisha kuvaa, hata wenyeji husahau alikotoka. Kazi ya mwanaisimu ni kulivua neno vazi hilo taratibu, sauti moja baada ya nyingine.