Tusome nini katika kikundi cha wenye kuacha pombe?



Shida ya lutuku tunaijua wote: ni bwana, ni mtoto, ao ni mama mwenyewe. Anayetaka kuiacha peke yake huchoka upesi. Ndiyo sababu wengine hukutana, walioacha pamoja na wanaotaka kuacha, bila mwalimu wala mkubwa. Lakini kila juma swali linarudi: leo tutasoma nini?

Swali hilo si dogo. Mtu anakuja mara ya kwanza na haya. Akisomewa maneno ya kumhukumu, ao Kifaransa kigumu asichosikia, juma linalofuata hatarudi. Na mahali atakaporudi tunapajua.

Mikutano ya namna hii ilianza mwaka 1935 huko Akron, Marekani. Walevi wawili, mmoja mfanyabiashara na mwingine daktari, waliona kwamba mlevi humsikiliza mlevi mwenzake kuliko mtu mwingine. Mwaka 1939 kikundi chao kilitoa kitabu, Alcoholics Anonymous. Sehemu ya kwanza inaeleza hatua 12 za kuacha pombe. Ya pili ni ushuhuda wa watu. Kitabu hicho kipo kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Mwaka 1951, Lois, mke wa yule mfanyabiashara, pamoja na rafiki yake Anne, walianzisha Al-Anon, chama cha jamaa za walevi, chenye vitabu vyake.

Basi, mbele ya kuchagua, tuangalie mambo haya:

Nani ameketi? Anayekunywa anahitaji ushuhuda wa aliyekunywa akaacha. Mama wa mlevi anahitaji lingine: kusikia kwamba si yeye aliyeleta ulevi ule, na kwamba kumwaga chupa hakutauponyesha.

Iwe fupi. Ukurasa mmoja unatosha. Wakati unaobaki ni wa watu kusema.

Iwe Kiswahili chetu. Neno kama «mraibu» ni la Kenya na Tanzania. Hapa wengi watauliza maana yake. Soma kwanza nyumbani, utafute neno la Kambove.

Usimlazimishe mtu kusoma. Kuna wanaoficha kwamba hawakuenda masomo. Uliza tu: «Nani anapenda kutusomea?»

Usihubiri. Katika kikundi kuna Mkatoliki, Mmetodisti na asiyeenda kanisa lolote. Mukisoma Biblia, muchague maneno ya kutia nguvu, si ya kuhukumu walevi.

Linda siri. Kambove ni ndogo; habari ya mtu wa hapa, hata bila jina, itatambulika. Ushuhuda wa mtu wa mbali unafaa zaidi.

Neno moja tena: karatasi haiponyeshi mwili. Mtu aliyekunywa sana kila siku, akiacha ghafula, anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwapo, hata kuanguka na kifafa. Hiyo inaweza kumuua. Mumpeleke hospitali upesi, musingoje siku ya mkutano.

Kisha kusoma, muulize swali moja tu: «Neno gani limekugusa?» Mmoja akijibu, wengine watafuata. Wote wakinyamaza, musiwalaumu. Juma linalokuja muchague ukurasa mwingine.